Ukiona Damu Magoti Yakalegea: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Tiba

Dalili ya kwanza mara nyingi ni mwayo. Daktari amepasua ngozi, damu imeanza kuchuruzika juu ya shuka za kijani, na wewe uliyesimama pembeni unapiga miayo ndani ya barakoa ingawa usiku ulilala vizuri. Joto linakupanda shingoni. Mate yanajaa mdomoni, jasho jembamba linakutoka, tumbo linajivuta. Sauti za watu zinasikika kwa mbali na macho yanafunga giza kuanzia pembeni. Kutoka kwenye mwayo hadi sakafuni ni dakika chache, pengine chini ya moja, lakini ndani ya muda huo bado una uwezo wa kufanya jambo. Mwongozo huu unahusu jambo hilo, pamoja na yale ya kufanya wiki kadhaa kabla, ili siku ya kuingia thieta, leba au chumba cha kung'olea meno usiende kubahatisha.

Ninawaandikia wanafunzi wa udaktari, utabibu, uuguzi, ukunga na afya ya kinywa na meno, hasa wale walioanza kujiuliza kimyakimya kama walikosea kuchagua kozi. Wengi wao hawakukosea. Wamefunga mambo matatu katika furushi moja na kusema "damu siiwezi": kuzimia, kinyaa, na uchungu wa kumwona mtu akiumia. Kila moja lina chanzo chake na dawa yake, na dawa ya moja haitibu jingine.

Kuzimia: kaza, usilegeze

Hofu ya nyoka au ya mtihani hupeleka moyo mbio na kupandisha shinikizo la damu. Mwenye hofu hiyo anatetemeka, lakini haanguki kirahisi, kwa sababu ubongo wake unapata damu tele. Kuona damu, sindano au jeraha huwafanyia baadhi yetu kitu tofauti. Mapigo ya moyo hupanda kwanza, kisha neva ya vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni, huuamuru moyo upunguze mwendo, na wakati huohuo mishipa ya damu ya miguuni na tumboni hutanuka. Shinikizo linaporomoka. Ubongo ukikosa damu kwa sekunde 6 hadi 8, fahamu zinapotea. Mwili ukishalala chini, damu inarudi kichwani, na kwa kawaida mtu anazinduka kabla ya dakika moja kuisha. Hali hii hutembea katika familia pia. Uliza nyumbani; huenda ukaambiwa kuwa mjomba naye huanguka kila akichomwa sindano.

Ndiyo maana ushauri ambao karibu kila mwanafunzi hupewa, wa kutulia, kulegeza mwili na kuvuta pumzi ndefu, unamfaa mwenye wasiwasi wa mtihani na unaweza kumwangusha huyu wa damu. Akilegeza misuli anazidi kuteremsha shinikizo ambalo tayari linashuka. Anachohitaji ni kulipandisha.

Njia ya kulipandisha ilitengenezwa miaka ya 1980 na mwanasaikolojia wa Sweden, Lars-Göran Öst, pamoja na wenzake, na mpaka leo ndiyo inayotegemewa kwa watu wanaozimia wakiona damu. Haihitaji kifaa wala fedha. Keti. Kunja ngumi, kisha kaza mikono, kifua, tumbo na mapaja kwa pamoja, kwa nguvu, sekunde 10 hadi 15, mpaka uhisi joto usoni. Joto hilo ndilo ishara kwamba damu imepanda. Achia mpaka urudi katika hali yako ya kawaida, lakini usijilegeze kabisa. Subiri sekunde 20 hadi 30, kaza tena. Fanya hivyo mara 5 mfululizo, na urudie zoezi zima mara kadhaa kwa siku kwa wiki nzima, kwenye kiti cha daladala, kwenye foleni, kitandani kabla ya kulala. Endelea kupumua wakati wote, maana kubana pumzi huku umekaza huzuia damu kurudi moyoni.

Ukishaizoea ukiwa umekaa, ijaribu umesimama. Thietani huwezi kukunja ngumi mbele ya watu wala kurusha mikono, ila mapaja, makalio na tumbo vimo ndani ya gauni na hakuna atakayejua. Unaweza pia kupishanisha miguu na kuibana mmoja dhidi ya mwingine. Anza kukaza unapopiga mwayo wa kwanza. Ukisubiri mpaka macho yafunge giza, umechelewa.

Kabla ya siku yenyewe

Zoezi la misuli peke yake halitoshi ikiwa damu umeizoea kwenye vitabu tu. Panda ngazi yako mwenyewe. Tafuta video za mafunzo: kwanza za kutoa damu kwenye mshipa, kisha za kushona jeraha dogo, kisha za kupasua jipu, mwisho za upasuaji wa tumbo. Tazama ukiwa umekaa, kaza misuli kila dalili zinapoanza, na usizime video wakati dalili ziko juu kabisa. Ukizima hapo, mwili unajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa. Isimamishe picha, kaza, subiri dalili zishuke, ndipo uendelee au uzime. Rudia video ileile mpaka ikuchoshe. Kuchoshwa ndiko tunakokutafuta.

Hospitalini pia kuna ngazi, ingawa ratiba ya chuo mara nyingi haikuulizi umefika daraja gani. Ukipata nafasi ya kuchagua, anza na chumba cha sindano na cha kufunga vidonda, kaa hapo siku kadhaa, ndipo uombe kuingia thieta. Omba pia kazi ya mikono mapema. Anayeshika kitu huzimia mara chache kuliko anayetazama tu, na mwanafunzi aliyekabidhiwa kukata uzi au kushika taa hana muda wa kusikiliza tumbo lake.

Kuhusu chakula nitasema wazi, kwa sababu wanafunzi wengi hufanya kinyume: usiingie thieta na tumbo tupu eti ili usitapike. Mwenye njaa na kiu huanguka mapema. Kunywa uji, au kula chapati na yai, chakula cha kawaida kisicho na mafuta mengi, saa moja au mbili kabla. Karibu na muda wa kuingia, tuseme robo saa kabla, kunywa maji nusu lita kwa mkupuo. Maji hayo hupandisha shinikizo la damu kwa muda, na ndiyo sababu wachangia damu nao hushauriwa kunywa kabla ya kutolewa damu. Ukiwa kwenye swaumu, chelewesha daku, kunywa maji ya kutosha usiku kucha, omba zamu ya asubuhi badala ya alasiri, na umwambie msimamizi mapema kwamba umefunga ili upate mahali pa kukaa.

Kisha kuna kusimama kwenyewe. Mtu akisimama wima bila kusogea, nusu lita ya damu au zaidi huteremkia miguuni na tumboni, na inayoirudisha juu ni misuli ya mashavu ya miguu inapojikaza. Magoti yaliyonyooshwa kama ya askari wa gwaride huzima pampu hiyo. Legeza magoti, hamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, inuka kidogo kwa vidole na ushuke. Ndani ya thieta ambayo kiyoyozi chake kimekufa, umevaa gauni na barakoa mbili, usione haya kufanya hivyo mfululizo.

Ndani ya chumba

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilizindua orodha ya kuhakiki usalama wa upasuaji, ambayo ilijaribiwa katika hospitali za miji minane duniani, na mmojawapo ulikuwa Ifakara, Morogoro. Orodha hiyo inataka kila aliyemo chumbani ajitambulishe kwa jina na kazi yake kabla ya ngozi kupasuliwa. Huo ndio muda wako. Sema jina lako, sema wewe ni mwanafunzi, na uongeze kwamba ni mara yako ya kwanza. Pale ambapo utambulisho huo haufanyiki, mtafute sista anayezunguka, yule ambaye hakunawa kwa ajili ya upasuaji na hayuko mezani, umnong'oneze mapema: "Shikamoo Sista, ni mara yangu ya kwanza, nikijisikia vibaya nitarudi nyuma ukutani." Atakuonyesha pa kusimama, pengine na kiti, na atakutupia jicho. Manesi wa thieta wameona wanafunzi wengi wakianguka na hawashangai tena. Kinachowakera ni anayenyamaza kisha akaangukia meza ya vifaa vilivyotakaswa.

Hesabu nazo husaidia kuliko watu wanavyodhani. Mtu mzima ana damu lita 5 hivi. Katika upasuaji wa kujifungua, kupoteza hadi lita moja hutarajiwa, na kilichojaa kwenye chupa ya kufyonzea si damu tupu, kimechanganyika na maji yaliyomzunguka mtoto tumboni. Ukijua hivyo kabla, macho yako yana la kupima. Soma hatua za upasuaji usiku uliotangulia, uingie na swali moja la kutafutia jibu: safu ngapi zinapasuliwa kabla ya kufika kwenye mji wa mimba? Nani anahesabu vitambaa, na mara ngapi? Usiingie kutazama "upasuaji" kwa ujumla wake.

Kumbuka pia kwamba mama anayejifungua kwa upasuaji kwa kawaida yuko macho, amechomwa ganzi ya uti wa mgongo, na macho yake yanatafuta macho ya watu juu ya barakoa. Ukikunja uso, anaona. Kama huna kazi, nenda upande wa kichwa, umwombe ruhusa, "Mama, nikushike mkono?", ukae naye. Umempa kitu cha thamani, na wewe umeondoka mahali pa kuangukia.

Kliniki ya meno ina mitego yake. Wanaoweza kutazama tumbo likifunguliwa hushindwa na kinywa, kwa sababu kiko karibu na uso, mgonjwa anakutazama, na sauti zote unazisikia. Sindano ya ganzi ya taya la chini ndiyo inayowashtua wengi. Ni ndefu, na huzama ndani sentimita 2 hadi 2.5 mpaka ifike kwenye mfupa, karibu na tundu ambamo neva ya taya huingilia. Itazame ukijua inakwenda wapi. Kung'oa nako si kuvuta kwa nguvu kama wengi tunavyofikiri tangu utotoni. Daktari analisukuma jino kuelekea ndani ya mfupa na kulitikisa huku na huku mpaka shimo lake litanuke na nyuzi zinazolishika zikatike, ndipo litoke. Ule mlio wa kukatika unatokana na hapo. Ganzi ikishika, mgonjwa anahisi kusukumwa na kubanwa, bila maumivu makali, na unaweza kumwuliza. Damu kidogo ikichanganyika na mate huonekana nyingi mno; sehemu kubwa ya unachokiona ni mate.

Harufu na kinyaa

Kinyaa hakimwangushi mtu kwa kawaida, kinamtapisha au kumfukuza. Kukaza misuli hakukisaidii sana, na kinapungua polepole kuliko woga, kwa hiyo jipe muda. Usaha wa jipu la jino, mguu wa mgonjwa wa kisukari uliooza, choo kinachotoka wakati wa kujifungua, nyama inayoungua pale mashine ya umeme inapoziba mishipa midogo: hii ya mwisho huwashtua wanafunzi kwa kuwa hakuna aliyewaambia mapema. Basi nakwambia. Ni harufu ya moshi wa nywele na nyama, haina dalili ya hatari yoyote kwa mgonjwa.

Kuna jambo moja la pua ambalo watu wa mochwari wote wanalijua. Pua huizoea harufu ndani ya dakika chache ukibaki palepale. Anayetoka nje kupunga hewa kila baada ya dakika tatu huirudisha pua mwanzo na kuanza upya kila akiingia. Ukiweza kuvumilia dakika tano za mwanzo ukipumua kwa mdomo, zinazofuata ni nafuu. Wengine hupaka mafuta ya menthol kidogo nje ya barakoa. Mimi siyapendekezi sana, kwa sababu menthol hufanya pua ihisi kama imefunguka, na wapo wanaosema harufu mbaya huwazidia. Ukitaka kuyatumia, yajaribu kwanza siku ambayo haina uzito.

Kwenye chumba cha anatomia, formalini huwasha macho na koo bila kujali ujasiri wako, hivyo simama upande wenye dirisha na uvae miwani. Omba kuanza na mkono au mguu, uso wa maiti ukiwa umefunikwa. Kama umefiwa hivi karibuni, mwambie mwalimu. Msiba wako unaweza kukuvizia pale mezani, na hilo si kosa la tumbo lako.

Kwa wale ambao harufu ya kliniki ya meno pekee inatosha kuwatia kichefuchefu, zingatieni kwamba sehemu kubwa ya harufu hiyo ni karafuu. Eugenoli inayokamuliwa kwenye karafuu huchanganywa na unga wa oksidi ya zinki kutengeneza dawa ya kuzibia jino kwa muda. Aliyelia kwenye kiti cha meno akiwa na miaka sita amefunga harufu hiyo na maumivu. Ifungue kwa makusudi: weka punje mbili tatu za karafuu kwenye chai ya jioni kwa wiki kadhaa, uinuse ukiwa umetulia na wenzako, mpaka pua ipate kumbukumbu nyingine.

Uchungu wa kumwona mtu akiumia

Hili la tatu sitaki ulitibu lote. Charles Darwin alipelekwa Edinburgh mwaka 1825, akiwa na miaka 16, asomee udaktari. Aliingia kutazama upasuaji mara mbili, mara moja mgonjwa akiwa mtoto, na zote mbili alikimbia kabla haujaisha. Hapakuwa na dawa ya usingizi. Klorofomu ilianza kutumika mjini humohumo mwaka 1847. Mimi simwoni kijana dhaifu pale. Namwona mtu aliyeona kitu kisichovumilika na mwili wake ukasema kweli.

Leo tuna dawa hizo, lakini hazitumiki kila mahali inavyopasa. Utakuja kusimama kwenye wodi ya watoto wakati mtoto aliyemwagikiwa uji wa moto anabadilishwa bandeji, analia mpaka sauti inakauka, na moyo wako unapinduka. Kabla hujajilaumu, uliza kwa heshima: "Daktari, ameshapewa dawa ya maumivu?" Inawezekana amepewa na anachokililia ni woga, basi mshike, mwimbie, mtafutie mama yake. Inawezekana pia amesahauliwa, na swali la mwanafunzi aliyeona vibaya ndilo litakalomsaidia. Ukijifunza kutohisi kitu chochote mbele ya mtoto huyo, hutauliza kamwe.

Unachoweza kukizoea ni damu, sauti na harufu. Uchungu wa mgonjwa upe kazi ya kufanya, na ukitoka kazini uzungumze na mtu aliyekuwepo. Kulihadithia tukio kwa mwenzako mliyekuwa naye zamu hiyohiyo, bila kutaja jina la mgonjwa, hufanya mengi ambayo usingizi haufanyi.

Ukishindwa kujizuia

Rudi nyuma hatua mbili, mikono ikiwa kifuani, usiguse chochote cha mezani. Egemea ukuta na uteleze mpaka ukae sakafuni. Sakafu ni mahali pazuri. Hakuna anayeanguka kutoka sakafuni. Weka kichwa katikati ya magoti, au ulale miguu ikiwa juu. Usitoke nje peke yako. Wanaokimbilia mlango ndio wanaopasuka vichwa kwenye korido na ngazi, mbali na msaada. Kutapika kunakuja? Vua barakoa ukiwa mbali na meza na uonyeshe kwa mkono, sista atakuletea chombo.

Baada ya kuzinduka lala dakika 10 hadi 15, kunywa soda au maji yenye sukari, inuka kwa hatua: kaa, subiri, simama. Kisha, ikiwezekana siku hiyohiyo, rudi chumbani hata kwa dakika kumi za mwisho, ukae kwenye kiti. Usipoteze wiki nzima ukiuogopa ule mlango. Ukisomea udaktari, mwaka wa mafunzo kazini baada ya shahada utakupitisha upasuaji na uzazi upende usipende, na daktari wa upasuaji anayekusimamia ni bora akujue mapema kama aliyeanguka na akarudi.

Walimu mnaosoma hapa, msimcheke aliyeanguka mbele ya wenzake. Kicheko kile hufundisha darasa zima kunyamaza dalili zikianza.

Kuna kuzimia ambako si kwa mwongozo huu. Ukianguka ghafla bila dalili za kutangulia, ukianguka wakati unakimbia au ukiwa umelala, ukihisi moyo unapiga vibaya au kifua kinauma kabla, au kama katika familia yenu kuna aliyekufa ghafla akiwa kijana, nenda ukapimwe moyo kabla ya kurudi thieta. Kwa wanaopata hedhi nzito, walioumwa malaria karibuni au wenye ujauzito, pimeni wingi wa damu. Maabara iko jengo la jirani, na kipimo hicho huchukua dakika chache.